Jina Lililoliwa na Tindikali

Mimi Masalu ni mhunzi, nafua majembe na mapanga hapa Ngokolo, na nasema wazi: Edson wa Katoro ameua mtu. Asiniambie eti mtu mwenyewe alishakufa zamani.

Mama Donatus aliniletea sime ya Kijapani iliyofungwa kwenye kitenge. Marehemu baba yake aliichukua vitani Burma, kwa askari aliyekufa mbele yake, na haikumpa raha maisha yake yote. Alipokaribia kukata roho alimwachia binti yake neno moja: irudishwe kwao. Kwao kwa nani sasa? Japani si Nyarugusu, useme utauliza njiani.

Niligonga kijiti cha mwanzi kinachoushikilia mpini, mpini ukachomoka. Kwenye mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, mahali ambapo anayeishika hapaoni, kulikuwa na maandishi yaliyochongwa katikati ya kutu nyeusi. Mhunzi mwenzangu aliyeifua alijiandika jina. Kila alama pigo moja la patasi, hakurudia. Mimi nina miaka thelathini kwenye moto na sijawahi kuweka jina langu hata kwenye jembe. Nilimwonea wivu, nikamheshimu. Kutu ile sikuigusa.

"Mayu," nilimwambia, kama tunavyowaita mama zetu, "njia ya kuirudisha ni jina hili. Mhunzi akijulikana, aliyemfulia naye atatafutwa."

Simu zetu wote wawili ni vitochi, hazipigi picha. Edson, mdogo wake Mama Donatus anayenunua dhahabu, akasema Geita kuna mgeni wa Kijapani anayemfahamu, atalisoma. Nikampa sime bila mpini, ili jina lionekane. Kosa hilo ni langu, sijitoi.

Wiki iliyofuata alirudi anachekacheka. Mkia ulikuwa mweupe, umetobokatoboka. Jina hakuna.

"Niliipima kwanza, nisiaibike kwa mgeni," alisema. "Kitu halisi hakiogopi tindikali."

"Dhahabu ndiyo haiogopi! Hiki ni chuma, mwehu wewe!"

"Kaka Masalu, punguza jazba. Sime si hiyo hapo? Makali yapo. Limepotea jina tu."

Jina tu! Watu hawa wamezoea dhahabu mpaka wanadhani Mungu hakuumba kitu kingine. Nilitamani kumchapa na koleo.

Mama Donatus alinipa kalamu na bahasha ya sadaka. "Masalu, wewe uliliona. Liandike."

Nikachora alama ya kwanza, nikachora ya pili. Ya tatu sikuikumbuka. Ningeweza kubuni, nani Ngokolo angejua? Lakini mama yule alikuwa akiitazama kalamu kana kwamba anasali. Nikaiweka chini.

"Siwezi, Mayu. Nikibuni, nitaipeleka kwenye ukoo wa mtu mwingine."

Akaifunga sime kwenye kitenge chake, polepole, akamgeukia mdogo wake.

"Baba aliichukua vitani," alisema. "Leo ndiyo tumeiiba."