Kaya Moja au Mbili

Zoezi la Awali la Kuwaonyesha Wakaazi Watarajiwa wa Makazi Mapya Namba Tatu Mtiririko wa Maji ya Bomba, ndivyo kilivyoandikwa kitambaa kilichofungwa kati ya nguzo mbili za umeme ambazo umeme wenyewe haujazifikia, na maneno yote hayo maana yake ni kwamba watu wa kijiji cha Chorbed wamesimama juani wanakodolea macho bomba, bomba moja, jipya, limefungwa utepe mwekundu shingoni kama mbuzi wa arusi, na Savri naye analikodolea, kwa kuwa serikali ikikuwekea kitu mbele unakitazama, ndivyo alivyolelewa, na bomba limekohoa mara moja, limetema upepo wenye harufu ya kutu, limenyamaza... "Presha inakuja, ndugu wananchi," anasema Nosir, ofisa wa uhamisho, kijana wa shati jeupe, anasema kwa kipaza sauti ingawa mtu wa mbali kuliko wote angeweza kumshika mkono, lakini kipaza sauti amepewa na ofisi, na kitu cha ofisi kikishatolewa lazima kitumike, "presha iko njiani, tuvumiliane," na Fundi Sharifu, mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za Chorbed na kuzisema vibaya nusu nyingine, anauliza kutoka nyuma, "Hilo bomba lilisomea wapi, mwanangu? Maana naona cheti linacho, kazi haliijui," watu wanacheka, Nosir naye anacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye bado hajaambiwa na mkubwa wake kama inaruhusiwa, halafu anaweka kipaza sauti kwapani na kuanza kupita mstarini, mtu kwa mtu, ili muda usipotee bure, anauliza swali moja tu, kaya moja au mbili.

Mbili, Savri anajua, jibu amelibeba mdomoni tangu alfajiri walipopanda basi, amekuja nalo mabonde yote yale bila kulitema, mbili, maana utaratibu walielezwa mwezi uliopita na hauna ugumu, kila kaya ina kiwanja na nyumba, na mwenye mtoto wa kiume aliyekua anapewa cha pili ubavuni, mradi mzazi atamke mbele ya ofisa kwamba mtoto atarudi kuishi, na kiwanja kikikaa kitupu mwenyewe asirudi kinachukuliwa, anapewa mtu mwingine, basi, mbili, neno fupi, halina hata mahali pa kujikwaa... na hapa kwenyewe hapana mahali pa kujikwaa, tambarare tupu, ukidondosha tufaha linakaa papo hapo linakutazama, wakati kule Chorbed tufaha likikuponyoka unalisikia linavyoteremka, ua wa kwanza, ua wa pili, mpaka mtoni, na mtu wa chini anapiga kelele, "Asante, Mwalimu, leta na chai!"... na mto ndio huo utakaopanda sasa kuyafuata matufaha, bwawa jipya la serikali likijaa, ua baada ya ua, wa Fundi Sharifu kwanza, kisha shule, kisha wake, na ndiyo sababu wameletwa leo wapazoee nyumbani kabla hapajawa nyumbani, wameonyeshwa zahanati ambayo bado ni ukuta mmoja, wameonyeshwa miche ya mipopla, ile miti mirefu myembamba, kila mche na kibao cha jina la idara iliyoupanda, kibao kinene kuliko mche, wameonyeshwa mageti, yote ya kijani, akirudi mtu jioni na mawazo yake atafungua geti la nani... "Wifi," anasema Mohbegim pembeni yake, "hebu nizibe kidogo," na kabla Savri hajauliza kwa nini, dada huyo wa marehemu mume wake ameshachomoa msumari kwenye kilemba na jiwe kwenye mfuko, amegeukia ukuta wa nyumba ya mfano, ko, ko, rangi ya mtindi imebanduka, msumari umepinda, "saruji ya kuzimu hii," anasema Mohbegim, na Nosir ameshasikia, anakuja mbio, "Mama! Mama, kupigilia misumari ni marufuku mpaka nyumba zikabidhiwe rasmi!" "Sipigilii, napima." "Unapima nini?" "Napima kama ukuta wako utabeba mkate, mwanangu, wewe huna mama?" na Nosir anarudi mstarini, maana mama anaye, na bila shaka naye alimng'atisha mkate siku alipokwenda jeshini.

Mkate wa mwanawe Zafar ndio Mohbegim anaoutafutia ukuta, Savri anaujua ule mkate, uko karibu na dirisha kwa Mohbegim, umekauka hadi ukigongwa unalia kama mlango, kijana anapokwenda mbali anang'ata mkate mara moja tu, mama anautundika, akirudi anakaa chini anaumaliza, ndivyo ilivyo, wa Zafar uko pale na wa Ilhom, mwanawe Savri, uko kwake juu ya kabati la vitabu, na yeye Savri ni mwanamke aliyesoma, amefundisha miaka yote ile, akiulizwa anasema ni mila nzuri ya kuwapa wanawake kitu cha kufuta vumbi, na anakifuta, kila Ijumaa, kwa kitambaa laini, hagusi pale penye meno, pana pengo pale, jino alilolivunja alipoanguka kwenye mforsadi akiwa na miaka kumi, mkate mzima una sura yake kuliko picha... mbili, atasema mbili, Nosir amebakiza watu watatu kumfikia, yuko kwa mzee Gadoy ambaye hana mtoto wa kiume na anataka kujua kama mabinti wanne wanaweza kuhesabiwa mtoto mmoja wa kiume kwa jumla, "Utaratibu hausemi hivyo, baba," "Na haukatazi?" Nosir anakuna kichwa, "Nitauliza juu"... juu, kila kitu kiko juu, na wao wanateremshwa.

Nyumba ya pili aliifikiria basini safari nzima, pazia hapa, kitanda cha mtoto pale, yule binti wa Ilhom ana miaka minne sasa na hajawahi kumshika mkono, amemwona kwenye simu tu, uso mkubwa unaokaribia kioo mpaka linabaki tundu moja la pua, wiki iliyopita alimwambia kwa Kirusi, neno kwa neno, taratibu, kama darasani, njoo kwa bibi, bibi ana punda, na mtoto akasikiliza, akamgeukia baba yake, akamwambia huyu bibi anaongea kama redio ya zamani, Ilhom akacheka hadi akakohoa, Savri akacheka pia, cheko la heshima, halafu alipokata simu akakaa... thelathini na moja, miaka aliyofundisha Kirusi Chorbed, kwa watoto ambao hawakukitaka, wakiangalia mbuzi dirishani, na sasa wazungumzaji wa Kirusi pale kijijini ni wale waliokwenda kufagia mitaa ya Warusi, wamejifunza kwa kutukanwa, na hao ndio wanaorudi, kila majira ya baridi wanarudi, Zafar naye alirudi mara mbili kabla hajapotea, wanarudi na mabegi ya mistari, mikono imepasuka, wanasema kule si kwa watu, haielewi mtu lugha yetu, hatuelewi yao, pilau ya kule ni wali mbichi, wanakaa barazani wanakunywa chai ya kijani mpaka theluji iyeyuke, na mama zao wanawalalamikia kwamba wanamaliza kuni, wamebarikiwa wale mama na hawajui.

Ilhom hakuhitaji kurudi kupumzika, Ilhom alikisema Kirusi kama maji... na bomba linakohoa tena, watu wote wanainua vichwa, tone moja, hapana, ni kivuli cha nyuki, "Presha!" anapiga kelele Nosir kutoka mstarini, "Mimi pia ninayo," anajibu Fundi Sharifu, "daktari kaniambia nisisimame juani kuangalia vyuma," ... alikisema kama maji kwa sababu alikaa mezani kwa mama yake majira yote ya baridi, theluji imefunga njia, jiko linavuma, kitabu cha shule katikati yao, kile chenye picha ya mji, sura ya tatu, Mjini, mtaa mpana, duka la mikate kwenye kona, sanamu ya mpanda farasi, kituo cha treni ya chini ya ardhi na herufi yake nyekundu, yeye Savri alikuwa muuzaji na Ilhom mnunuzi, fedha ilikuwa aprikoti zilizokaushwa, "Samahani, bibi, duka la mikate liko wapi?" "Nyoosha hadi kwenye sanamu, kisha kata kushoto," na akikosea neno alirudia tangu mlangoni, avae kofia upya, abishe hodi upya, mpaka hakukosea, mpaka alimrekebisha yeye, na walicheka, Mungu wake, walivyocheka, baba yake akiwa hai, analalamika kwamba nyumbani kwake amegeuzwa mtalii, hapati chai bila kuulizia njia... na siku Ilhom alipofika kule, usiku wake wa kwanza, alipiga simu, sauti imejaa upepo, "Mama, nimefika mtaani bila kumuuliza mtu! Sanamu ipo, Mama, palepale, nikakata kushoto!" na yeye alifurahi, alivaa viatu akaenda kwa Mohbegim kumweleza, akaenda shuleni asubuhi akawaeleza walimu, bila kumuuliza mtu, jamani, bila kumuuliza mtu, na wao wakampongeza, wakamwambia ndiyo faida ya kuwa na mama mwalimu.

Ndiyo faida... nani alimwonyesha mji kabla hajauhamia, nani alimtembeza mtaa kwa mtaa, akamfundisha kusema asante kwa muuzaji na kuulizia bei ya chumba, sura ya tano, Kupanga Chumba, nani alihakikisha asijikwae, na hawa wa serikali wanahangaika na mabasi na vitambaa kuwazoesha watu mahali papya kwa siku moja, wangemuuliza yeye, anaijua kazi, yeye alichukua miaka kumi, alianza mtoto akiwa na miaka sita, na alifanya vizuri, hakuna aliyewahi kuhamishwa vizuri vile... "Mama Mohbegim," anasema Nosir, amefika kwa wifi, "kaya moja au mbili?" "Mbili." "Mtoto anaitwa?" "Zafar." "Mlizungumza naye lini?" "Hayo yako kwenye utaratibu?" "Hapana, nauliza tu, mama." "Basi uliza tu na mimi nanyamaza tu. Mbili! Atarudi, ataoa, atajenga, ukitaka andika tatu," na Nosir anasema tatu haziwezekani, na Mohbegim anasema kwa leo atapokea mbili, na sauti yake haikutetereka hata nukta, na Savri anamtazama jinsi anavyoukunja msumari uliopinda ndani ya kilemba, kwa uangalifu, kama hereni ya dhahabu, na anamwonea wivu, wivu mkali kabisa, wivu wa mtu anayemwona mwenzake akila na yeye hana njaa... kwa kuwa Zafar anaweza kurudi, Zafar amepotea tu, aliyepotea huenda akafika siku moja akibisha hodi amekonda, lakini wake hakupotea, wake yupo, anajulikana alipo, ghorofa ya saba, dirisha linatazama uwanja wa watoto, alimwonyesha kwa simu, alizungusha kamera yote, jiko, pazia, viatu vidogo mlangoni, "Na hapa, Mama, ndipo kwetu," alisema kwetu, na siku hiyo yeye Savri alikuwa amevutiwa na pazia, akasema pazia zuri, hakulisikia neno, amelisikia sasa, juani, mbele ya bomba... na juzi alipomwambia kuhusu viwanja alijibu kwa upole, Ilhom ni mpole, "Chukua nyumba nzuri, Mama, karibu na barabara, tukija likizo tusihangaike," likizo, kwa mama yake mtu haji likizo, na aliisema kwa Kirusi, sentensi nzima, hata hakugundua, na yeye Savri badala ya kulia alifikiri, mwalimu ni mwalimu, kwamba ameitamka vizuri.

"Mwalimu," anasema Nosir, na anakibana zaidi kipaza sauti kwapani, kwa mwalimu hata ofisi inashusha sauti, "Mwalimu, nawe?" Mohbegim anamsukuma kwa kiwiko, ananong'ona kwa nguvu kiasi kwamba nusu ya mstari inasikia, "Mbili, wifi, tuwe ukuta kwa ukuta, na wana wetu wakirudi wagombanie mpaka," na Fundi Sharifu anasema, "Mwacheni mwanamke wa watu ahesabu," na ubavuni mwa kiwanja chake kuna kile kingine, ametembezwa asubuhi, jiwe jeupe kila pembe, udongo mkavu, mchwa mmoja mkubwa akivuka kutoka jiwe hadi jiwe kwa haraka ya mwenye mali, kitamfaa mtu, kuna mabinti wanne wa mzee Gadoy, kuna yeyote, anayejua kuvuka na kurudi, na mdomo wake bado umebeba lile neno la alfajiri, limekuwa zito, limepata joto, anahisi umbo lake kwenye ulimi kama mbegu ya aprikoti iliyonyonywa hadi haina ladha, na Nosir anangoja, kijana wa watu, jasho linamtiririka shingoni, bomba limenyamaza, watu wameshaacha kulitazama, wanamtazama yeye Savri.

Alisema moja.