Zulia la Shangazi Froukje

Kila alasiri ya Januari, Wytske alikuwa akipasha moto supu ya njegere, kisha anatandika zulia jekundu kutoka mlangoni hadi kwenye jiko la kuni. Makumbusho yake yalikuwa vyumba viwili tu ukingoni mwa mfereji, kuta zimejaa viatu vya kutelezea barafuni: vya mbao, vya mifupa, vya watoto. Mfereji haukuwa umeganda miaka mingi. Shangazi Froukje, aliyefariki Wytske akiwa bado binti, bado alikuja kila alasiri hiyo, akiteleza mferejini. Maji yaliganda mbele ya viatu vyake na kuyeyuka nyuma yake.

Viatu hakuvivua. Aliye mbioni havui. Akifika nchi kavu hutandikiwa zulia apite, makali ya vyuma vya viatu yasiharibike. Na Froukje alikuwa bado mbioni. Aliwahi kumaliza mbio ndefu za barafuni za kupita vijiji, akawaacha nyuma wanaume wengi, kamati ikampa maua. Nishani ya fedha ilikuwa ya wanaume.

Siku hiyo Doekle, mwenyekiti wa kamati ya sasa, alikuja kuazima viti. Alipoona zulia lina tope, akalifua.

"Umefanya nini, wewe?" Wytske akamuuliza. "Shangazi atapita wapi?"

"Si nilitaka kukusaidia, mama. Lilikuwa linanuka mbwa."

"Mbwa angeuliza kwanza."

Froukje alikwisha fika kizingitini, ameshika mwimo wa mlango, anatazama sakafu ya mawe. Doekle akavua koti lake jipya la sufu, akalitandaza. Halikutosha. Akaongeza sweta, kisha skafu. Froukje akapita taratibu, vyuma vikichana sufu.

"Asante, mwanangu. Umebaki na kishati, sogea kwenye moto."

Wytske akampa shangazi bakuli la supu. Alipomaliza supu, Froukje akauliza kama alivyouliza kila siku, "Nishani yangu imekuja?"

Doekle akainamisha kichwa. "Kamati inasema ya zamani yamepita, shangazi. Tukikupa wewe, watakuja na wengine."

"Wako wengi kweli," Froukje akakubali. "Wananingoja pale darajani. Wameona haya kuingia."

Wytske akachungulia dirishani. Chini ya daraja wanawake walikuwa wamesimama kwenye kipande chao cha barafu, wakipuliza viganja. Akaongeza njegere kwenye sufuria.

"Kalikamue lile zulia, Doekle," akasema. "Lote, mpaka pembeni."

Doekle akaenda kulikamua.