Shuka Dirishani

"Nasema cherehani siiuzi."

"Basi utaibeba kichwani, mama," mume wangu akajibu. "Mwezi huu tunarudi. Redio imesema tuliokimbia wote tumesamehewa."

"Nimesamehewa kosa gani? Mimi ndiye niliyekimbizwa."

"Umeanza."

Kweli nilikuwa nimeanza. Nashona mapazia ya mji mzima, mahoteli hadi maofisi, lakini madirisha yangu mwenyewe yana shuka zilizopigiliwa misumari. Ni hivyo tangu binti yetu hajazaliwa, na sasa ana watoto wake. Kila nikishika kitambaa, mume wangu husema pazia ni la mtu anayekaa, sisi tunapita. Tumepita mpaka tumeota mvi.

"Mpigie mdogo wako kwanza," nikasema. "Usimtokee mlangoni na mabegi."

Namba tuliletewa juzi na dereva wa lori aliyetoka kule kwetu. Miaka yote hatukuthubutu kuwatafuta, tusije tukawaponza. Mume wangu akapiga, akaweka spika. Akapokea msichana mdogo. Mume wangu akajitambulisha kwa jina na ubini, kwa madaha, utadhani anaposa.

Kisha tukamsikia msichana akiita: "Baba, kuna mtu anasema yeye ni marehemu baba mkubwa."

Nikacheka. Mume wangu hakucheka.

Shemeji akaja kwenye simu akihema. "Kaka? Kumbe mlifika?"

"Nani kakwambia nimekufa?"

"Hakuna. Mimi ndiye niliyewaambia watu. Askari walikuwa hawaishi kuja hapa, wanawaulizia nyinyi. Wakamchukua baba. Nikasema mmeuawa njiani, nikachimba kaburi, nikazika nguo zenu. Hawakuja tena."

"Na mama?"

"Mama hajui kudanganya, kaka, unamjua. Ilibidi na yeye aamini. Tumemzika kando yenu. Alitaka mwenyewe."

Mume wangu akakaa sakafuni, na kiti kipo. Ikabidi niulize mimi: "Shemeji, tukija?"

"Wale wale waliokuwa wakiwatafuta ndio wakubwa wa mtaa huu leo. Msamaha uko redioni tu. Mkionekana, wataniuliza nilimzika nani. Nina watoto, shemeji."

"Tumekusikia. Kaa na wanao," nikasema, nikakata simu.

Nikapanda kwenye stuli, nikang'oa misumari, shuka zikaanguka. Jua likajaa chumbani. Nikavuta jora la buluu kutoka chini ya meza.

"Shika huku," nikamwambia mume wangu, nikampa ncha ya futi kamba.

Akaipokea kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akaitazama, akalitazama dirisha.

"Niishie wapi?"

"Chini kabisa."

Akaishusha mpaka sakafuni, akaibana kwa kidole. Nikasoma kipimo, nikakata.