Bunduki Iliyotamaniwa na Kila Mkono

Mume wangu amemiliki bunduki mbili maishani, na ile ya kwanza niliichukia. Si kwa sababu ni bunduki. Mimi nashona mikanda na mifuko ya bunduki, ndiyo kazi iliyosomesha watoto wetu, na zimepita nyingi juu ya meza yangu. Niliichukia kwa uzito wake. Mtutu wake ulikuwa mnene kama mchi, kitako kikubwa, na juu yake darubini kama chupa ya chai. Kila akirudi kutoka kuwinda, bega lake la kulia lilikuwa na mfereji mwekundu, na mwenye kulikanda kwa maji ya moto ni nani? Ni mimi.

Sijawahi kufyatua risasi hata moja. Lakini mambo ya kubeba nayajua. Mtu akija kupimiwa mkanda namwambia aivae bunduki yake, aizunguke meza yangu, nami natazama. Bunduki yenye raha haijulikani kwa mizani peke yake. Ziko nyepesi zinazochosha vilevile, mtutu mrefu unakuvuta mbele kama mbuzi anayetaka kurudi kwao. Iliyo nzuri unaishika kwa mkono mmoja, pale katikati, na inalala sawa, haiinamii mbele wala nyuma. Ni nyembamba, vidole vinakaribia kukutana. Ukiivaa haikugongi nyonga, na ukiinama kupita chini ya tawi haikwami. Unaisahau kabisa, na ukiihitaji iko palepale.

Nilimwambia hayo miaka na miaka. Alikuwa akinijibu, "Wewe shona."

Kisha ukafika mwaka ambao ilibidi anisikilize, na sababu ni kilima.

Yeye na wenzake wana kikundi cha kuwinda, wote na vibali vyao. Kila mwaka kabla ya msimu wanapanda kilima kilicho nyuma ya mji, kuanzia geti la kiwanda cha matofali mpaka kwenye tangi la maji kule juu. Bunduki zinakaguliwa getini kuhakikisha ziko tupu. Sharti ni moja tu: bunduki yako ifike juu ikiwa mikononi mwako. Ukimpa mwenzako akubebee, msimu huo unabaki kambini na masufuria. Hakuna kununa, hakuna kubembeleza. Hata aliyeanzisha kikundi aliishia kwenye masufuria, na wanasema alikuwa akiunguza hata maji.

Mwaka uliotangulia mume wangu alifika wa mwisho, uso umebadilika rangi, na usiku hakula. Mtu huyu amewinda tangu hajanioa. Kumwambia abaki kambini akikoroga mboga wakati wenzake wako porini ni kumzika anapumua. Kwa hiyo msimu ulipokaribia akawa anaitazama ile bunduki yake ukutani kama mtu anayemtazama mkwe mkorofi.

"Nenda kwa Fundi ukaone zile nyepesi," nikamwambia.

"Zile za watoto?"

"Hizohizo. Kwani hujarudi utotoni? Jana si nimekukatia nyama?"

Akacheka. Alipocheka nikajua tutakwenda.

Duka la Fundi, anayetengeneza na kuuza bunduki, ni chumba kirefu kinachonuka mafuta ya mashine. Alitandika kitambaa mezani, akaweka bunduki tatu. Ya kwanza kitako chake kilikuwa cha plastiki. Mume wangu akaigonga kwa ukucha. "Hii haina damu." Ya pili ilikuwa nyepesi kweli, lakini ikamvuta mbele, nami nikamwona mkono unavyohangaika. Ya tatu ilikuwa na mbao ya rangi ya asali, imechongwa nyembamba, mtutu mfupi kidogo, na darubini ndogo iliyolala chini chini kama haitaki kusumbua mtu. Akaishika pale katikati kwa mkono mmoja. Kisha akatoka nayo.

"Anaenda wapi?" Fundi akaniuliza.

"Mwache."

Tulimwona dirishani akizunguka gari la Fundi uani. Akaiweka begani, akaishusha, akailaza kwenye kiwiko, akazunguka tena. Aliporudi uso ulikuwa laini.

"Mzee, nikwambie ukweli," Fundi akasema. "Hiyo inapiga teke. Wepesi wake utaulipia siku ya kufyatua."

"Teke nitakula mara moja kwa siku," mume wangu akamjibu. "Mlima naula kutwa."

Ile ya zamani tukamwachia Fundi palepale. Nami nikashona mkanda mpya, mpana penye bega na mwembamba kwingine kote, bila vyuma vya kulia-lia.

Siku ya kilima, sisi wake tulipanda kwa gari kwa barabara ya nyuma, tukawasha jiko kando ya tangi, tukachemsha chai. Niliwaona wakichomoza kwenye kona ya mwisho. Mbele alikuwa Kapteni, kiongozi wao, ambaye jeshini hajawahi kufika hata kwa kutembelea. Nyuma yake, baada ya watu wachache, akaja mume wangu. Hakuwa wa mwisho! Nikanyanyua mkono kumpungia, kisha mkono ukaniganda hewani.

Mikononi hakuwa na kitu. Begani, hakuna kitu.

Bunduki ilikuja nyuma kabisa, imebebwa na Kinyozi, yule anayewanyoa wote. Yake ilikuwa mgongoni, na hii ameikumbatia kifuani, anatabasamu kama amekabidhiwa mtoto mchanga.

"Shemeji!" akaniita kutoka mbali. "Hii siyo bunduki, hii ni unyoya!"

Kapteni akageuka. Akamtazama Kinyozi, akamtazama mume wangu. "Nani kampa nani bunduki?"

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kinyozi akasema yeye alipewa na Mwalimu, mwenzao mwingine. Mwalimu akasema yeye aliiomba kwa mume wangu aisikie uzito tu, hatua chache, lakini ilivyomkaa mkononi akajisahau. Dereva naye akasema alishaishika kabla ya hapo. Kumbe tangu getini ilikuwa ikipita mkono kwa mkono, kila mmoja anataka kuonja.

"Kuomba kushika siyo kubebewa," Mwalimu akatetea. "Kapteni, tumia akili."

"Hata mimi nilitaka kuishika," Kapteni akakiri, na watu wakacheka. "Basi tuseme haikuwa kubebewa. Tunywe chai."

Nikashusha pumzi. Lakini mume wangu hakukaa.

"Subirini," akasema. "Pale kwenye kona, Kinyozi alitaka kunirudishia. Nikamwambia endelea nayo kidogo."

Kinyozi akaangalia viatu vyake.

"Kwa nini, kaka?" Kapteni akauliza, taratibu.

"Nilikuwa napumua kama mashine ya kusaga. Mikono mitupu ilinidanganya. Nikajiona kijana, nikakimbizana na nyinyi."

Kapteni akavua kofia, akaivaa tena. Niliona anavyotafuta neno la kumwambia mtu aliyemfundisha kuwinda.

"Narudi chini," mume wangu akamwahi. "Sharti linasema bunduki ifike juu mikononi mwangu. Halisemi nipande mara moja."

"Leo hii?"

"Jua bado lipo." Akamnyooshea Kinyozi mkono. "Nipe mtoto wangu."

Mimi nikaweka kikombe chini, nikakaza kamba za viatu.

"Na wewe unaenda wapi?" akaniuliza.

"Kunyoosha miguu. Nimekaa sana."

Tulishuka wote wawili. Getini akaligusa geti, tukageuka. Safari hii nilitangulia mimi, na mimi sijui kukimbizana. Alianza na bunduki mkononi, imelala sawa, inabembea kidogo kila hatua. Palipoanza mwinuko mkali akaivaa begani. Nikageuka kuangalia mkanda: haukuteleza. Penye vichaka akaishusha akaipitisha chini ya matawi bila hata kusimama. Baadaye ikawa kwenye kiwiko, kisha kiwiko cha pili. Nikaona kumbe raha yake ndiyo hiyo, inakubali kuhamishwa. Ile ya zamani ilikuwa na mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa panauma.

Hata hivyo umri hauna mkanda. Kabla ya kona nilisikia pumzi zake zimeanza kukwaruza.

"Ngoja nitoe jiwe kiatuni," nikasema, nikakaa.

Akakaa. Tukapumzika. Tukaendelea kidogo.

"Ngoja, jiwe tena."

"Mke wangu," akasema, "hicho kiatu kinazaa?"

"Kilima kina mawe. Kaa chini."

Akakaa, bunduki juu ya mapaja, akinitazama kwa jicho lile analonitazamia ninapomwongezea chakula bila kuulizwa. Na mimi sikuharakisha kufunga kiatu.

Tulipochomoza kwenye kona, wenzake walikuwa wamejipanga wote kule juu, vikombe mikononi. Pale mwishoni kuna ngazi za zege zilizomomonyoka, na ya juu kabisa iko mbali na mwenzake. Mguu wake ukaijaribu, ukarudi. Ukajaribu tena. Kapteni akashuka haraka, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye bunduki.

"Weee! Usiguse!" wakapiga kelele wote, na Kinyozi kupita wote.

Kapteni akaurudisha mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

Mume wangu akaihamisha bunduki mkono wa kushoto, akaibana kifuani. Mkono wa kulia akaunyoosha mtupu.

"Nivute mimi," akasema. "Hii inakuja na mwenyewe."

Kapteni akamvuta. Akafika, akaenda mpaka kwenye tangi akaliegemea, mgongo mzima. Kisha akaomba chai. Ilikuwa imepoa, na akainywa yote.