Msumari wa Kamala

Ukutani kwa Bibi Theopista, kule Buganguzi, palikuwa na msumari usiobeba kitu. Aliupigilia mwanawe Kamala, akaahidi kuleta picha yao wawili ikiwa ndani ya fremu. Picha yenyewe ilikuwa kwenye simu, na ziwa likamchukua Kamala na simu yake pamoja. Tangu hapo ukimtajia Bibi habari za picha za simu, alikuwa anakusonya mpaka ukome.

Mtoto wa Kamala, Mwesiga, alilelewa na bibi huyo huyo. Sasa alikuwa anaoa, naye alikuwa amenunua kamera Bukoba mjini kwa ajili ya picha moja tu: Bibi akimpakata bibi harusi mapajani, kama desturi inavyotaka. Msumari ungepata kazi. Bibi aliiwaza picha hiyo mpaka usingizi ukamkimbia.

Siku ikafika. Bibi harusi, Kemilembe, aliletwa na ndugu zake kutoka Kamachumu. Nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi, wageni wakapewa kahawa ya kutafuna. Bibi akakaa mkekani, miguu ameinyoosha, tayari kupakata. Saburi, fundi simu wa Rwamishenye na rafiki wa Mwesiga, akainua kamera na kubonyeza. Kimya.

Akabonyeza tena, akashikilia kidole hapo mpaka kikauma. Akachomoa kadi ya kumbukumbu ubavuni, akaipuliza, akairudisha. Kimya kile kile. Kila mgeni akageuka fundi. Mmoja alisema ni baridi, mwingine akashauri ipelekwe jikoni ikaote moto.

"Uliichaji kweli?" Saburi aliuliza.

"Jana, mpaka taa ikawa kijani!" Mwesiga aliapa.

Saburi akaipindua, akafungua kifuniko cha chini. Ndani mlikuwa mtupu.

"Betri haimo," alisema.

Minong'ono ikaanza. Nani aliingia chumbani? Macho yakatambaa, yakatua kwa Buberwa, binamu wa Mwesiga, aliyelala chumba hicho na ambaye, Mungu amsamehe, aliwahi kuuza sufuria ya watu apate pombe ya rubisi.

Bibi akashtuka, akakumbuka. Betri ya redio yake ikichoka huianika juani, nayo redio huimba tena mpaka jioni. Nani hajui hilo? Asubuhi aliiona kamera mezani akaingiwa na hofu isije ikachoka kabla ya kumpiga picha. Akaitoa betri, akaiweka pembeni mwa mkeka wa kahawa iliyoanikwa uani. Kisha mawingu yakaja kutoka ziwani, watu wakakimbilia kuzoa kahawa na kuimimina kwenye magunia, na yeye kwa pilikapilika za harusi akasahau.

Angeweza kunyamaza. Wakwe wamekaa mbele yake, wamependeza, na nani anataka kuaibika mbele ya wakwe siku ya kwanza? Lakini Buberwa alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

"Mwacheni Buberwa," alisema. "Ni mimi. Niliianika na kahawa, ikazolewa nayo magunini."

"Uliianika, Bibi?" Mwesiga alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nimeharibu, waitu. Maji yameshamwagika." Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Kemilembe, ambaye siku hiyo alipaswa kuinama na kunyamaza, aliinua uso.

"Maji ndiyo hayazoleki, Bibi. Kahawa inazoleka. Magunia yako wapi?"

Magunia yakamwagwa pale pale sebuleni. Bibi harusi alipiga magoti wa kwanza, akazamisha mikono mpaka viwikoni. Shangazi zake wakafuata, kisha wajomba. Watu wa Kamachumu hawajaanza leo kushika kahawa. Vumbi likapanda, wakapiga chafya, wakachekana. Aliyepekua kwa bidii kuliko wote ni Buberwa.

"Hii hapa!" alipaza sauti. "Na hii siiuzi!"

Saburi aliifuta betri kwa shati lake. "Bibi, hii si ya redio. Jua huiua."

"Imekufa?" aliuliza Bibi.

Saburi akaipuliza. Akaipachika, akafunga kifuniko, akabonyeza. Kioo kikawaka, na nyumba nzima ikapiga vigelegele.

Mwesiga alitaka mkewe ajifute vumbi kwanza. Bibi akakataa. "Mleteni hivyo hivyo." Kemilembe akakaa mapajani pake, mikono yake yenye kahawa ikamzunguka Bibi shingoni. Saburi akawapiga picha wakicheka.

Picha ilisafishwa Bukoba, ikarudi imo ndani ya fremu. Mwesiga alileta na msumari mpya, mrefu na imara. Bibi aliusukuma pembeni. Akaitundika mwenyewe kwenye msumari wa zamani, akaiachia polepole, akarudi nyuma kutazama. Picha ilikaa.

"Mwanangu alijua kupigilia," alisema.