Sajini Kiberiti na Kufuli Jipya

Kituoni aliitwa Sajini, lakini mtaani kila mtu alimwita Kiberiti, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Mwaka uliopita alikwenda na hati ya hakimu kutafuta baiskeli ya wizi nyumbani kwa dalali mmoja wa vitu chakavu. Baiskeli hakuiona. Akaona kiberiti juu ya kabati, akakifungua, na ndani akakuta kisaa cha kike cha mkononi, cha wizi vilevile. Alirudi kituoni kifua mbele.

Hakimu akakigeuzageuza kile kiberiti mezani. "Sajini, ulitegemea baiskeli ikunjwe iingie humu?"

Mahakama nzima ilicheka. Ushahidi ukatupwa kwa kuwa hati ilisema baiskeli, dalali akaachiwa na saa yake akarudishiwa. Tangu hapo akikutana na Sajini njiani humsalimu kwa adabu zote, kisha humwuliza, "Afande, nikutazamie saa?" Hata nyumbani mambo yaliharibika. Sajini akitaka kufungua kabati la vyombo, mkewe humwuliza hati iko wapi.

Sasa ilikuwa zamu ya cherehani, ya miguu, yenye meza ya mbao na droo mbili. Mshonaji wa sare za shule aliirithi kwa mama yake, na sasa ilikuwa imeibwa. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ijayo, na sare thelathini na mbili zilikuwa zimekatwa, hazijaunganishwa. Mkuu wa kituo alimwambia Sajini neno moja tu: "Ukikosea tena, cherehani itabaki kwa dalali, na wewe ndiye utakayekwenda kumweleza yule mshonaji."

Sajini alipofika na hati nyumbani kwa dalali yuleyule, mwenyewe hakuwepo. Aliyefungua mlango ni mama yake mzazi, bibi mfupi mwenye kanga mbili na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Karibuni, wanangu. Tafuteni mpaka mchoke."

Wakatafuta, Sajini na konstebo wake wa kike, vyumba vitatu na jiko, kama hati ilivyosema. Chini ya vitanda, nyuma ya milango, kote. Bibi akawa anawafuata na kopo mkononi.

"Hili la sukari hamjalitazama."

"Cherehani haiingii kwenye kopo, mama," Sajini akasema.

"Na kiberiti je? Kiko hapo mekoni."

Konstebo akashikwa na kikohozi cha ghafla.

Sajini akatoka uani kupunga upepo, na hapo ndipo alipoliona banda. Banda lenyewe kuukuu, mbao zimeliwa na mchwa, lakini mlangoni linaning'inia kufuli jipya linalong'aa. Chini ya mlango kumenasa uzi wa buluu, buluu ileile ya sare za shule. Akaifungua hati, akaisoma mara mbili. Vyumba vitatu na jiko. Banda halimo.

"Vunja tu, mwanangu," bibi akasema nyuma yake, sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Bawaba zenyewe zimeoza. Sukuma kwa bega."

"Unaniruhusu?"

"Nani atakukataza?"

Sajini akatoa karatasi na kidau cha wino. "Basi weka dole gumba hapa, kwamba umeniruhusu kwa hiari yako."

Bibi akarudisha mkono ndani ya kanga. "Dole langu lina jeraha. Kisu cha vitunguu."

"La mkono wa pili?"

"Hilo nalo linauma, kwa huruma."

Sajini akamtazama vizuri, na ndipo alipomkumbuka. Benchi la mbele mahakamani, miwani ya uzi, mtu pekee ambaye siku ile hakucheka. Alikuwa akisikiliza.

Akamtuma konstebo kwa baiskeli hadi kwa hakimu, na barua inayoeleza ule uzi na lile kufuli. Yeye akaketi kwenye kigoda, macho kwenye kufuli. Jua likampiga kisogo. Kila alipokumbuka zile sare thelathini na mbili, bega lilimwasha. Bibi akamletea maji, akamletea na nyundo.

"Ikikusaidia."

"Ahsante, mama. Maji yanatosha."

Konstebo alirudi ametota jasho. Sajini akaisoma hati mpya kwa sauti, neno kwa neno: banda la uani. Akainyanyua ile nyundo ya bibi na kulivunja kufuli. Ndani, chini ya magunia, cherehani ilikuwa imekaa na kipande cha sare bado kiko chini ya sindano.

Konstebo akaanza kuandika ripoti, akakwama. "Afande, muda wa kufungua banda?"

Sajini akapapasa mkono mtupu. Bibi akashusha pumzi, akakunja kanga, na kwenye kifundo cha mkono wake kisaa kidogo cha kike kikametameta.

"Saa kumi kasoro dakika saba," akasema. "Andika. Hii haijawahi kukosea."

Sajini akakitazama kile kisaa, kisha akaitazama hati. Hati ilisema cherehani.

"Andika, konstebo," akasema. "Saa kumi kasoro dakika saba."