Hodi ya Tatu

“Nani huyo amepita mlangoni?”

Bi Jicho alikuwa ameinama juu ya uso wa mama yake, kidole kimoja kimeinua kope la kushoto, mkono wa pili umeshika kichupa cha dawa ya matone. Akageuka. Mlango ulikuwa wazi kama ulivyoachwa kila asubuhi, na nje kulikuwa na ua wa saruji, kamba ya nguo na ndoo moja iliyofunikwa. Hapakuwa na mtu.

“Hakuna mtu, mama. Tulia, nisije nikakutia dawa puani.”

“Amepita. Mwanga umepungua, halafu umerudi.”

Mama hakuwa ameona mwanga kwa miaka tisa. Matone yale hayakuwa ya kumrudishia macho. Yalikuwa ya kuyazuia yasimuume, basi. Bi Jicho alitia tone, akafuta shavu lililolowa, kisha akaenda kwenye kalenda iliyotundikwa kando ya mlango na kuandika neno moja katika kisanduku cha siku ile: kivuli. Daktari ndiye aliyemwagiza. Macho yaliyozimika, alisema daktari, wakati mwingine hujitungia vitu vya kuona, kama mtu mpweke anavyojisemesha. Si wazimu, wala si jambo la kuogopa. Aandike tu kila linapotokea.

Hii ilikuwa mara ya pili. Aliandika, akafunika kichupa, akachukua mkoba wake na kwenda kazini, na mpaka anafika kwenye ngazi alikuwa ameshasahau.

Jina la Bi Jicho alipewa huko kazini. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, meza sita, mapazia yasiyofunguliwa kamwe, na feni iliyolalamika kuliko wafanyakazi wote. Juu huko, mbali kuliko ndege yoyote inavyofika, kulikuwa na darubini isiyojua usiku wala mchana, nayo ilitazama maelfu ya nyota bila kupepesa. Kila nyota iliwafikia wao ikiwa mstari wa nukta kwenye kioo cha kompyuta. Nyota ikiwaka sawasawa, mstari hunyooka. Ikiwa kuna sayari inayoizunguka, na sayari hiyo ikakatiza mbele yake, mwanga hupungua kidogo mno, na mstari hushuka, hukaa chini kwa muda, kisha hupanda tena. Kompyuta zilichambua ile mistari safi. Michafu, iliyojaa mitetemo na madoa, waliachiwa binadamu.

Hakuna aliyewahi kuiona sayari hata moja katika chumba kile. Walichoona ni mwanga kupungua, na wakakubaliana kwamba kuna kitu kimepita. Bi Jicho alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minane na hakuiona ya ajabu. Ilikuwa kazi ya kuchambua mchele: ukae, utulie, usiongee sana.

Mkuu wa chumba alikuwa na hila yake. Kila wiki alipandikiza mishuko ya uongo katikati ya mistari ya kweli ili ajue nani anasinzia. Waliiita chambo. Wenzake walivikosa vyambo, wakaitwa, wakasemwa, wakarudi wamenuna. Yeye hakukosa hata kimoja, ndiyo maana akaitwa hivyo alivyoitwa. Lakini kukuta vyambo vya mtu mwingine kwa miaka kumi na minane si sawa na kukuta kitu chako mwenyewe. Sayari zilizopatikana mule chumbani zilikuwa saba, na zote ziliandikwa kwa majina ya wengine. Hilo lilimuuma, ingawa hakumwambia mtu.

Mwezi mmoja baada ya asubuhi ile ya matone, aliuona mstari mmoja mchafu kuliko kawaida, akausafisha nukta kwa nukta, na ndani yake akakuta mashimo mawili. Yalilingana kina. Yalilingana upana: masaa matatu, si zaidi, si pungufu. Kati yake siku arobaini na saba.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu. “Hiki ni chambo chako?”

Mkuu alifungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye orodha yote, akarudia tangu mwanzo. “Si changu.”

“Una hakika?”

“Bi Jicho, chambo changu nakijua. Hiki sikukiweka mimi.”

Fundi wa mitambo, ambaye meza yake ilipakana na ya Bi Jicho na ambaye hakuweza kunyamaza hata kwenye msiba, alisogeza kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye kioo cha Bi Jicho. “Kha! Lisemwalo lipo, dada. Na kama halipo, laja siku kumi na saba zijazo.” Alikuwa ameshapiga hesabu. “Jumatano. Itaanza saa tatu na nusu asubuhi, itaisha saa sita na nusu. Darubini nitaielekeza huko huko, tuangalie moja kwa moja. Andaa hotuba.”

Sheria ya chumba ilikuwa moja. Kushuka mara moja ni uchafu. Mara mbili, bahati. Mara tatu, kwa nafasi zilizo sawa, ni sayari, na jina la aliyeiona kwanza huandikwa.

Bi Jicho alirudi nyumbani jioni ile akiimba chini kwa chini, jambo ambalo jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa akikaa na mama mchana, alilitolea maneno. Alicheka naye. Akaaga, akaingia, akaenda kwenye kalenda aizungushie duara ile Jumatano. Akahesabu siku kurudi nyuma apate uhakika. Kidole chake kilisimama kwenye kisanduku kilichoandikwa kivuli. Akafunua ukurasa, akahesabu tena arobaini na saba. Kivuli.

Alisimama pale na kalamu mkononi, akasikia mama anapumua nyuma yake.

“Umesoma nini hapo kilichokunyamazisha?” mama aliuliza.

“Tarehe tu.”

“Tarehe za yule anayepita.”

Alivuta kigoda akakaa miguuni pa mama, kama alivyokaa akiwa mtoto na jambo la kusema. Alimweleza yote: ile nyota, mashimo mawili, siku arobaini na saba. Alieleza kwa haraka, kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba anasema upuuzi. Akaongeza kile alichosema fundi, kwamba mwanga wa nyota ile husafiri miaka mia tatu kabla ya kufika. “Kwa hiyo haiwezekani, mama. Hicho kivuli kiliondoka huko hata bibi yake bibi yako hajazaliwa. Kitakujuaje?”

Mama alifikiri. “Atokaye mbali ndiye anayebisha hodi,” alisema. “Wa karibu huingia tu.”

“Mama!”

“Hajabisha kwa mdomo. Lakini najua ni hodi. Mara moja, mara mbili. Mgeni mwenye adabu hubisha mara tatu, asipojibiwa anarudi alikotoka.” Aliutafuta uso wa binti yake kwa vidole, akaupata. “Ya tatu nitamwitikia, mwanangu. Nimechoka kukaa.”

Alilisema bila huzuni, kama anayesema atalala mapema. Bi Jicho aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Miaka tisa alikuwa amemwogesha, amemlisha, amemsomea barua, na watu walipomwonea huruma aliwajibu kwamba ng’ombe haelemewi na nunduye. Hakuwa anasema kwa unyenyekevu. Bila mama hakujua jioni zingekuwa za nini.

Kwa siku kumi na saba alikaa mbele ya mstari wake na kuutafutia kosa. Aliusafisha upya. Alibadilisha hesabu. Wenzake walidhani anajiandaa kwa sifa, kumbe alikuwa anaomba kimoyomoyo sayari yake isiwepo.

Jumatano hakwenda kazini. Mkuu alikasirika kwenye simu: miaka kumi na minane, na siku ya siku anabaki nyumbani? Alisema mama hajisikii vizuri. Fundi akaahidi kumpigia na kumweleza kila nukta, “hata kama nitatumia salio la ukoo mzima.”

Jirani alitumwa mbali. Bi Jicho alimkalisha mama kwenye kiti chake, akamtia matone, akamfunika magoti kwa kanga. Alitaka kufunga mlango, mama akakataa. Alilipenda lile joto la asubuhi kwenye miguu yake. Basi wakakaa, mlango wazi, jua limelala juu ya sakafu.

Saa tatu na nusu simu ikaita.

“Mstari uko bapa kama meza,” fundi alisema.

Saa tatu na dakika arobaini: “Bapa bado. Mkuu amekaa nyuma yangu ananipumulia shingoni.”

Saa nne kasorobo: “Dada, sijui nikwambieje. Hakuna kitu.”

Alishusha pumzi. Furaha ikamjaa mpaka akaona aibu, maana ilikuwa furaha ya mtu aliyeharibikiwa na kazi yake mwenyewe. Alimtazama mama amwambie.

Mama alikuwa ameinua kichwa.

“Amefika,” alisema.

Bi Jicho hakujua aliinukaje. Alijikuta mlangoni, amesimama katikati ya fremu, mgongo kwa jua, viwiko vimegusa mbao huku na huku. Kivuli chake kilivuka sakafu na kupanda magotini mwa mama. Simu ilikuwa bado mkononi, na ndani yake fundi alikuwa anapiga kelele.

“Subiri! Subiri, subiri... unashuka! Umeshuka, Bi Jicho! Ni sayari! Ni yako!”

Nyuma ya sauti yake watu walipiga makofi. Alisikia viti vinasukumwa, mtu mmoja anapiga mluzi. Alikata simu.

“Leo hapiti,” mama alisema. “Amesimama.”

“Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyesimama hapa.”

“Wewe nakujua ulipo. Nimekuzaa, nitakukosaje? Nasema huyo mwingine.”

Bi Jicho hakugeuka. Alihisi jua kwenye mabega yake, kisha akahisi kana kwamba si jua tena, ila hakugeuka.

“Usimwitikie,” alisema. “Nakuomba. Mama, nakuomba.”

“Nitamwitikiaje, na wewe umeziba mlango?” Mama alitabasamu kidogo, tabasamu la zamani la kumkamata mtoto na sukari mdomoni. “Itabidi angoje. Wote tungoje. Utachoka, lakini.”

“Sitachoka.”

Walingoja. Saa nne ikapita, na saa tano. Fundi alipiga na kusema mstari umetulia chini, shimo zuri ambalo mfano wake hajauona tangu aanze kazi. Miguu ya Bi Jicho ilianza kuwaka, kisha ikafa ganzi. Mama alimsimulia habari za zamani, za nyumba waliyohama, za kuku aliyekuwa akitaga ndani ya kiatu cha baba, na walicheka, mmoja kwenye kiti, mwingine mlangoni. Mara mbili mama alinyamaza katikati ya neno akageuza sikio, kama anayesikiliza nje. Kisha akaendelea.

Saa sita na nusu ikapita. Saa saba kasoro dakika tano simu ikaita, na safari hii fundi hakuwa na mzaha.

“Bi Jicho, ilitakiwa mwanga urudi saa sita na nusu. Hata ukihesabu kwamba ilichelewa kuanza, sasa ilitakiwa mstari uwe umeanza kupinda kwenda juu.”

“Na?”

“Haujapinda. Hauna hata dalili. Mkuu anasema vitu kama hivi haviwezi kusimama. Vinazunguka, vinapita, ndiyo kazi yake. Lakini huu mstari... Ni kama kitu kimefika pale mbele kikasimama.”

Jua lilikuwa limepanda hadi utosini. Alijua bila kugeuka kwamba uani ndoo haina tena kivuli, wala kamba ya nguo. Akatazama chini. Chake kilikuwa palepale, kirefu kama cha asubuhi, kimevuka sakafu yote hadi kwenye kanga, magotini mwa mama.

“Bi Jicho? Upo? Tufanyeje?”

Aliiacha simu sikioni, viwiko vyake vikiwa bado vimegusa mbao.

“Miguu haikuumi, mwanangu?” mama aliuliza.

“Haiumi, mama,” alisema, na hakusogea.